Mfugaji kuingia bungeni, nani yuwajua habari za Dolph Briscoe wa Texas?

MtuWaLikoni
Assalam aleikum wadau. Nina swali na nataka majibu ya kweli tafadhali. Mjomba wangu ana ngombe huko Kwale, ndani kabisa, kama sitini hivi na mbuzi juu yake, amefuga tangu mimi mtoto. Sasa wazee wa kule wamemwambia asimamie kiti cha MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, na mwenyewe yuwataka, lakini huku mjini jamaa zetu wamvunja moyo, juzi tuko barazani baada ya isha mmoja akasema mtu wa ngombe abaki na ngombe zake, bunge ni la mawakili na wenye biashara. Iliniuma wallahi manake mjomba ndie alienilipia skuli kwa hizo hizo ngombe. Hapo mzee mmoja aliekuwa baharia akasema meli yao ilikuwa ikishusha Houston, na huko alisikia habari za mfugaji aitwae Dolph Briscoe alieingia bunge la jimbo la Texas, Marekani, mpaka akaja akawa gavana. Nauliza huyu mtu alifanya nini hasa? Ijumaa naenda Kwale nataka kitu cha kumwambia mjomba.

BinKisauni
Waaleikum salaam. Mzee kakwambia kweli. Briscoe alizaliwa 1923 Uvalde, mji mdogo kusini mwa Texas, na babake alikuwa mfugaji vilevile. Akaenda vita vya pili vya dunia, aliporudi akagombea, 1948 akachaguliwa ana miaka 25 tu, akakaa kwenye bunge la jimbo kuanzia 1949 hadi 1957. Na usilifikirie kama bunge letu la Nairobi, kule Texas wako wawakilishi 150 na maseneta 31, wakutana siku 140 kila baada ya miaka miwili na mshahara mpaka leo ni dola 600 kwa mwezi, kwa hivo bunge likifungwa kila mtu arudi kwenye kazi yake na mwenye ngombe arudi zizini.

Sasa kazi aliyoifanya ni barabara. Mwaka huo huo wa kwanza 1949 yeye upande wa wawakilishi na seneta Neveille Colson, mwanamke huyo, walipitisha sheria ya kutenga dola milioni 15 kila mwaka kwa barabara za kutoka shambani mpaka sokoni. Si barabara kuu za kuunganisha miji mikubwa, la, ni zile ndogo ambazo mvua ikinyesha hazipitiki na mkulima abaki na mali yake mlangoni. Mimi hiki ndicho kinachonigusa, manake kijana wa miaka 25 angeweza kuomba kitu cha kupigiwa picha lakini aliomba lami ya kufika kwa watu wasiojulikana na mtu. Leo hizo barabara zapita maili 40,000, zaidi ya nusu ya barabara zote za jimbo, na kibao chake kimechorwa ramani ya Texas.

UmmSwaleh
BinKisauni umenitonesha kidonda. Mimi nauza maziwa, naletewa kutoka bara asubuhi kwa pikipiki, na masika iliyopita siku nne mfululizo hayakufika kwa sababu ya kipande cha barabara kisichofika hata kilomita sita. Siku ya tano yakaja yameganda. Mfugaji kapata hasara na mimi nikapata hasara, na mama wa jirani alietegemea lita mbili za wajukuu zake akakosa. Alietengeneza hicho kipande alimwaga kifusi akaondoka. Mimi mtu akija kuniomba kura simuulizi ana digrii ngapi, namuuliza wajua mvua ikinyesha lori lakwama wapi. Mjomba wako ashajua jibu, mwambie asiogope.

DktMstaafu
Nimedunga ngombe sindano miaka 27 Kilifi na Tana River, naomba niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Babake Briscoe alifariki 1954, mzigo wa ranchi ukawa wake, 1957 akatoka bungeni akarudi kufuga. Lakini hakuacha mambo ya watu. Kulikuwa na nzi kule atagae mayai kwenye kidonda, kidonda chochote, hata kitovu kibichi cha ndama alozaliwa jana, funza wakitoka wala nyama ya mnyama aliehai. Ndama asipotibiwa afa kwa siku chache tu. Wafugaji ilibidi washinde juu ya farasi kila siku wakikagua mnyama mmoja mmoja na kupaka dawa.

Wanasayansi wawili, Knipling na Bushland, walikuwa wametambua kuwa jike la nzi huyo hupandwa mara moja tu maishani. Basi ukizalisha madume kiwandani ukayapiga mionzi yakawa tasa, ukayamwaga kwa ndege mengi kuliko ya porini, jike akikutana na tasa mayai yake hayatoki kitu na ndio amemaliza. Briscoe wakati huo alikuwa akiongoza chama cha wafugaji, akawa mbele kuwachangisha wenzake kwa hesabu ya mifugo, pesa zao wenyewe, na 1962 kiwanda cha nzi kikaanza kazi mji wa Mission, Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Kufikia miaka ya themanini nzi wamekwisha Marekani, ingawa mwisho wa 2024 wameonekana tena Mexico, vita hivi havilali.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa njia hio hio, madume tasa yakizalishwa Tanga hapo jirani yetu na kumwagwa kwa ndege 1994 mpaka 1997. Ngombe wa Unguja walikuwa wafa na nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, sasa hawafi nayo.

Fumo_wa_Tudor
Yote sawa lakini semeni na upande wa pili. Briscoe hakuwa mfugaji wa ngombe sitini, alikuja kuwa mtu binafsi mwenye ardhi kubwa kuliko wote Texas, mamia ya maelfu ya ekari. Alichaguliwa gavana 1972 kwa sababu kashfa ya rushwa ya Sharpstown iliwachosha watu na viongozi wa zamani, akashika 1973 mpaka 1979, akajisifu hakuongeza kodi mpya. Lakini 1976 watu wa Zavala kaunti, wengi wao wenye asili ya Mexico na maskini, walipopewa pesa za serikali kuu waanzishe shamba la ushirika, gavana huyo huyo mfugaji alipinga kwa nguvu. Sasa mimi nauliza, aliejua shida ya barabara mbona hakuiona shida ya asie na ardhi? 1978 akashindwa kwenye mchujo wa chama chake. Nisingependa mjomba aletewe habari nusu.

BinKisauni
Fumo hapo sikupingi. Barabara zilifika kwa wadogo pia na hilo nalisimamia, lakini Zavala alikosea, nami naona alikosea kwa sababu aliwaangalia kwa jicho la mwenye ranchi. MtuWaLikoni, mwambie mjomba asome jedwali la nne la Katiba ya 2010, sehemu ya kaunti. Minada ya mifugo, machinjio, kuzuia magonjwa ya wanyama, barabara za kaunti, vyote viko hapo. Hio ndio kazi ya bunge la kaunti, alieishi nayo miaka yote ni yeye.

MtuWaLikoni
Mumenipa zaidi ya nilivotarajia, Mungu awalipe. Nimepiga simu sasa hivi nikamsomea mjomba yote, ya Zavala pia. Kwenye barabara alinyamaza, kwenye nzi akaniambia rudia, nikarudia mara mbili. Halafu akaniuliza wale wa Zavala walitaka kulima nini. Sikuwa na jibu. Fumo kama wajua niandikie kabla ya Ijumaa, manake hilo ndilo aliloling'ang'ania, asema kule kwao kuna familia kumi na moja zachunga ngombe za watu na hawana hata josho la kuogeshea.