Akili ya mtu ikihamishiwa kwenye kompyuta, huyo bado ni binadamu?

Nukta7: Wadau, Kurzweil, yule mvumbuzi wa Marekani, anadai ikifika 2045 akili ya mtu na ya mashine zitakuwa zimeungana. Mwanafalsafa Zhuangzi wa China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alisimulia habari za mzee wa bustani aliyekataa mtambo wa kuvuta maji: ukizoea mashine, moyo nao unakuwa wa mashine. Mzee ana hoja, au ni mshamba tu?

Mwana wa Lamu: Wachina hao hao mfalme wao alikunywa zebaki ili asife. Kiburi hiki mnakichochea nyie watu wa hesabu, maana hamna Mungu.

Nukta7: Hatuna Mungu? Mwanahisabati Cantor alithibitisha kuwa yasiyo na mwisho yanazidiana ukubwa, na mwaka 1886 akaandikiana barua na Kardinali Franzelin, kuonyesha kwamba upeo wa yote ni wa Mungu peke yake. Wewe umemwandikia nani?

Mama Faraja: Mfalme mwenyewe ni Qin Shi Huang, alifariki 210 KK. La zebaki ni masimulizi. Alimtuma Xu Fu baharini akatafute dawa ya kutokufa, jamaa akapotelea huko huko. Hata mimi nisingerudi mikono mitupu kwa bosi kama yule.

Mwana wa Lamu: Nimesema kiburi, sijatukana mtu. Al-Baqara aya ya 96 inawataja wanaotamani miaka elfu, na haitawaepusha na adhabu.

Katekista: Sheikh, miwani huvai? Teilhard de Chardin, padri Mjesuiti aliyeishi China miaka mingi, aliona mageuzi yote yanaelekea kwa Kristo.

Mwana wa Lamu: Miwani inanirudishia nilichopoteza, hainiongezei jicho la tatu. Na padri wako Vatikani ilimwonya 1962.

Katekista: Alikufa 1955! Yalionywa maandishi yake.

Mama Faraja: Mzee wa bustani mmemtelekeza. Wafuasi wa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, wanafundisha kwamba mwili, hata unywele, ni amana ya wazazi. Huko huko China, mwanasayansi He Jiankui alitangaza 2018 kuwa amehariri jeni za watoto kabla hawajazaliwa, akafungwa miaka mitatu. Watoto wale wanatunza amana ya nani: ya wazazi au ya maabara?

Nukta7: Mimi bado nasubiri kuombwa radhi.

Mwana wa Lamu: Kwa lipi? Nenda kamwandikie kardinali.