MPD kwenye PinePhone inawaka ila haioni nyimbo, msaada wakuu

Kinyozi_Uyole: Wakuu, poleni na baridi. PinePhone yangu (simu ya Linux) yenye mfumo wa Mobian nimeifanya redio ya saluni, niwe nabadilisha nyimbo kwa simu nyingine bila kuacha kichwa cha mteja. MPD, ile programu ya kupiga muziki inayoongozwa kutoka kifaa kingine, inawaka vizuri, ila orodha tupu. Nyimbo ziko kwenye memori kadi, na nikiifungua mwenyewe naziona zote. Kwenye /etc/mpd.conf nimeandika music_directory (folda ya nyimbo) sawasawa, nimepiga `mpc update` ya kuiambia itafute nyimbo upya mpaka vidole vimekufa ganzi.

Mzee_wa_Kabwe: Nunua redio ya flashi, Kabwe zimejaa.

Mafinga_Baridi: Kamwene mkuu. Wewe unaziona, yeye hazioni. MPD ikiwashwa na mfumo haitumii jina lako, inatumia la mtumiaji anayeitwa mpd, na kadi ukiichomeka inafunguka chini ya /media kwa ruhusa yako peke yako. Na usikimbilie chmod 777 ya kumfungulia kila mtu ruhusa, maana kadi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT, ambao hautunzi ruhusa za namna hiyo. Iendeshe kwa jina lako. Nakili faili liende ~/.config/mpd/mpd.conf, futa mstari wa user, na kila palipoandikwa /var/lib/mpd pageuze pawe folda ya kwako. Kisha:

`sudo systemctl disable --now mpd.service mpd.socket`
`systemctl --user enable --now mpd`

Hiyo mpd.socket ndiyo watu wengi wanaisahau. Unaua huduma, yenyewe bado imekalia 6600, yaani mlango wa mtandao ambao MPD inautumia.

Kinyozi_Uyole: Zimekuja zote mkuu! Ila nikibonyeza play, kimya. Na simu ya pili haiunganiki tena.

Mafinga_Baridi: Kwenye audio_output weka type "pulse", sauti ipitie kwenye mfumo wa sauti wa simu. Simu ya pili, tazama bind_to_address: ikiwa localhost (yaani simu yenyewe tu) haipokei mtu wa nje, weka "any". Lakini usiweke hivyo kama Wi-Fi mnachangia na majirani, watakuchagulia nyimbo wao.

Tukuyu_Mvua: Mlishamwambia kuhusu usingizi? Ikikaa bila kuguswa inalala, muziki unakata. Zima kulala kwenye mipangilio ya nishati, na uiache kwenye chaji.

Kinyozi_Uyole: Kumbe! Nilidhani ni kadi mbovu, nimeshanunua nyingine. Sasa inapiga, mteja wa kwanza kauliza kama hiki ni kikokotoo.

Mzee_wa_Kabwe: Redio ya flashi haina usingizi.