GB 20 kwa mwezi: tamthilia gani mpya au zinazorudi zinafaa?

Mgeni_Mbale

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaofuatilia tamthilia kwa karibu. Vifaa: simu moja ya Android yenye nafasi ya GB 18, televisheni ya Android ya inchi 32, na bando la GB 20 kwa mwezi. Televisheni inapata mtandao kwa hotspoti ya simu. Fiba haijafika mtaa huu. Huduma ni Netflix peke yake, ila naweza kuongeza nyingine kwa mwezi mmoja.

Natafuta ya watu wazima isiyo ndefu, moja ambayo msimu mpya umeshatoka wote (kungoja kila wiki hapana), na ya watoto wa miaka 8 hadi 11. Ikiwepo ya Kiafrika yenye Kiswahili ndani, itakuwa vizuri zaidi.

Swali la pembeni: mipangilio ya Netflix imewekwa "waifai tu", lakini bando linakwisha siku ya tisa. Linakwenda wapi?

---

Kisanduku_Jinja

Ndugu, nianze na hilo la pembeni, maana usipolitatua hata tamthilia ya sehemu nne itakushinda.

Kwa televisheni, hotspoti ya simu ni waifai kama waifai nyingine. Haijui kwamba nyuma yake kuna laini yenye bando. Ile alama ya "waifai tu" inaizuia simu yenyewe kutumia data ya laini yake, basi. Televisheni haiguswi nayo.

Sasa piga hesabu. Netflix kwenye televisheni ina ngazi tatu za ubora. Ya chini inakula hadi GB 0.3 kwa saa, ya kati hadi GB 0.7, ya juu hadi GB 3 kwa picha ya HD na hadi GB 7 kwa 4K. Ukiacha ijichagulie yenyewe na mtandao ukawa mzuri, inapanda HD. GB 20 kugawa kwa 3 hazifiki saa saba. Hapo ndipo siku yako ya tisa ilipotoka.

Dawa yake haimo kwenye televisheni. Fungua akaunti yako kwa kivinjari, kwenye simu au kompyuta, ingia kwenye wasifu unaotumika sebuleni, tafuta mipangilio ya uchezaji, weka ngazi ya kati. Kwa inchi 32 ukikaa mita mbili hutaona tofauti ya kukuumiza. Kila wasifu una mpangilio wake, kwa hiyo ukibadilisha wako ukasahau wa watoto, wa watoto utaendelea kuvuta HD. Ukishabadilisha, toka kwenye akaunti kwenye televisheni kisha uingie tena, la sivyo inaweza kuendelea na mpangilio wa zamani kwa saa kadhaa.

Ukiwa hapo hapo zima mambo mawili: sehemu inayofuata kujianzisha yenyewe, na vionjo vinavyojicheza unapopita juu ya picha. Watu husinzia, televisheni haisinzii.

Kwenye simu, zima upakuaji wa kujiendesha. Kuna ule unaofuta sehemu uliyomaliza na kuvuta inayofuata, na kuna ule unaokuchagulia vitu usivyoviomba. Yote miwili husubiri waifai, na siku simu yako itakapoungwa kwenye hotspoti ya mtu mwingine itaanza kuvuta kimyakimya. Simu nyingi za Android hukuruhusu kufungua mipangilio ya mtandao huo wa waifai na kuutia alama kuwa ni wa kupimwa (metered), yaani wenye data ya kikomo. Fanya hivyo kwa kila hotspoti unayotumia.

Mwisho, usidhani ukipakua kwenye simu kisha ukarusha kwenye televisheni umeokoa data. Netflix iliondoa kurusha kwa televisheni nyingi zenye rimoti mwishoni mwa 2025, na hata pale kunapokubali, televisheni inavuta upya kutoka mtandaoni. Faili lililo kwenye simu halitumiki. Waya wa HDMI unasaidia kama simu yako inatoa picha kupitia tundu la USB-C, na simu nyingi za bei nafuu hazitoi. Angalia sifa za simu kabla ya kununua waya.

---

Dada_Arua

Kisanduku kamaliza upande wa mabomba, mimi nije na maji yenyewe.

Ya watu wazima, bila kusita: *Adolescence*, Netflix, Machi 2025. Sehemu nne tu, jumla ni saa nne hivi, yaani chini ya GB 3 kwa ngazi ya kati. Mvulana wa miaka 13 anakamatwa kwa kumuua msichana wa shuleni kwao, na kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo usiitazame vipande vipande kwenye simu ukiwa kwenye teksi. Inataka saa nzima bila kukatizwa, na sehemu ya tatu, ambayo karibu yote ni mvulana na mwanasaikolojia chumba kimoja, itakupotea ukikosa dakika tano. Isiwe ya watoto wa umri uliotaja, hata kama mhusika mwenyewe ni mtoto.

Iliyokwisha kabisa: *Squid Game*. Misimu mitatu, sehemu 9, 7 na 6, ya mwisho ilitoka Juni 2025. Zote 22 ni kama saa 20 na ushee. Ngazi ya kati itakula GB 15 hivi, karibu bando lako lote. Kwa hiyo itazame kwenye simu. Kwenye simu, ngazi ya kubana data hutoa takriban saa sita kwa GB 1, kwa hiyo ukitazama moja kwa moja kwa ngazi hiyo misimu yote mitatu haifiki GB 4. Maoni yangu: msimu wa pili umekatwa katikati ya jambo, usiuanze kama hujajiandaa kuendelea na wa tatu papo hapo. Na chagua sauti ya Kikorea yenye maandishi. Sauti ya Kiingereza iliyobandikwa juu inawafanya wote waonekane wanagombana.

*Stranger Things* nayo imefungwa na msimu wa tano. Ulitoka kwa mafungu matatu: sehemu nne mwishoni mwa Novemba 2025, tatu wakati wa Krismasi, na ya mwisho mkesha wa mwaka mpya. Kama hukuifuata tangu 2016 usianzie hapa, hutaelewa nani anamlilia nani.

Ya watoto: *Supa Team 4*. Katuni ya Zambia ya 2023, wasichana wanne wa shule wanalinda Lusaka ya siku zijazo. Sehemu ni fupi, haina matusi, na mtoto wa Mbale ataona kitu kinachofanana na kwao.

Ya Kiswahili: *Country Queen* ya Kenya, Julai 2022, sehemu sita. Wanazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kidogo, wakichanganya kama watu wanavyochanganya kweli. Habari yake ni kampuni ya madini inayotaka ardhi ya kijiji. Inaanza polepole, vumilia hadi sehemu ya pili.

---

Mpakani_Busia

Nyongeza fupi. Watu wengi hapa Uganda wana VPN (programu inayoficha nchi uliyopo) kwenye simu tangu kodi ya mitandao ya 2018 na Facebook kufungwa Januari 2021. Ikiwa imewashwa unapofungua Netflix, utapata ujumbe wa kosa au orodha itasinyaa, zikabaki zile tu ambazo Netflix inazo kwa dunia nzima. Halafu unaandika hapa kwamba tamthilia fulani "imeondolewa". Haijaondolewa. Zima VPN, au iambie ipitishe Facebook peke yake. Programu nyingi za VPN zina orodha ya kuchagua ipi ipite ndani na ipi nje.

Na wanaongoja bando la usiku: Netflix kwa kawaida hufungua sehemu mpya saa sita usiku za California. Kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano miezi ambayo wao wako kwenye saa za baridi. Bando la usiku wa kuamkia siku hiyo litakuwa limeshapita. Subiri usiku unaofuata, na soma saa zake kwenye ujumbe wa kununua kabla ya kubonyeza, maana bando likifungwa upakuaji ukiwa asilimia 80, zilizobaki zitakatwa kwenye data ya kawaida.

---

Mgeni_Mbale

Asanteni sana. Dada Arua, nimeona watu wanasifu *Severance*. Inafaa kwa ule mwezi wa huduma ya pili? Na mnaonaje nakala zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wanaosimulia juu ya sauti ya filamu, kwa Kiluganda?

---

Dada_Arua

*Severance* iko Apple TV. Msimu wa kwanza ni sehemu 9 (2022), wa pili sehemu 10, zilizotoka moja kwa wiki kuanzia Januari 17 hadi Machi 21, 2025. Walioifuata wakati huo walilipa miezi mitatu. Wewe utaimaliza kwa mmoja. Watu wanafanyiwa upasuaji ili wakiwa kazini wasikumbuke nyumbani, na wakiwa nyumbani wasikumbuke kazini. Msimu wa tatu umeshaagizwa, kwa hiyo jua kwamba hadithi haijaisha.

Ukiwa humo ongeza *Slow Horses*, majasusi wa London waliotupwa ofisi ya walioshindwa. Misimu mitano imetoka, sehemu sita kila mmoja, na kila msimu unafunga kesi yake. Ndiyo maana naipenda kwa mtu wa bando dogo: unaweza kusimama popote bila kuachwa njia panda.

Kuhusu ma-VJ, kwa filamu za ngumi na risasi wanaongeza utamu, sibishi. Kwa *Severance* hapana. Nusu ya tamthilia ile ni ukimya, na VJ hawezi kunyamaza dakika nzima.

---

Kisanduku_Jinja

Kwa Apple TV kwenye Android: programu ya simu ipo tangu Februari 2025, inaruhusu kupakua, na usajili unapitia akaunti yako ya Google Play. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni ya mobile money, weka salio linalozidi bei kidogo, kwa sababu bei ikiwa kwa dola, ubadilishaji hubadilika kati ya siku unayoweka pesa na siku inayokatwa. Upungufu wa shilingi mia tano unatosha malipo kukataliwa.

Ukishajisajili, ghairi siku hiyo hiyo. Ukiwa umelipa mwezi mzima utaendelea kutazama hadi utimie, kisha haikati tena. Ila usifanye hivyo ndani ya siku za majaribio ya bure, kwa maana huko Apple ukighairi inaweza kufunga papo hapo.

Na kuhusu GB 18 za simu: pakua sehemu moja kwa ubora wa kawaida, angalia ukubwa wake kwenye orodha ya vilivyopakuliwa, zidisha kwa idadi ya sehemu, ndipo uendelee. Acha angalau GB 3 wazi, la sivyo Android itaanza kulalamika na upakuaji utasimama bila kukueleza kwa nini. Kumbuka pia faili za Netflix zina muda: baadhi hufa baada ya siku saba, na baadhi hukupa saa 48 tu tangu ulipobonyeza kucheza. Kwa hiyo usifungue sehemu tano "kuonja". Fungua moja, imalize, ifute.

---

Mpakani_Busia

Tena kabla hujaifuta, hakikisha jina la mtoto haliko kwenye wasifu ule. Watoto wakikuta *Supa Team 4* imefutwa, utaipakua tena kwa data ya mchana.