Kikundi "Ukoo wa Babu Ipogolo": Likizo ya Juni, Iringa

ALHAMISI JIONI

Tunu: Kamwene jamani. Shule zimefungwa na nasikia mnapanda Iringa Jumamosi. Safari hii watoto hawakai sebuleni kwa babu yao kugombania rimoti. Nataka tuwapeleke Isimila kwenye zana za mawe za kale, Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, na makumbusho ya Boma. Nani yupo?

Mama Junior: Kamwene dada. Mimi na Junior tupo. Tutachukua basi hapa Moro.

Baba Doreen: Basi la nini? Sisi tunatoka Dar alfajiri, tutawapitia. Gari ina nafasi.

Mama Junior: Ubarikiwe kaka 🙏

Kelvin: Shikamooni wote. Shangazi, vyote vitatu siku moja? Kalenga asubuhi, Isimila mchana, jioni tunamalizia Boma?

Tunu: Marahaba mwanangu. Hapana. Nilipokuwa nafundisha tuliwahi kuwabeba watoto namna hiyo. Ikifika saa saba mtoto anatazama kabati la mikuki anawaza wali. Siku moja sehemu moja, basi. Jumatatu Isimila, tena mapema, kule korongoni jua likishapanda hakuna pa kujificha. Jumanne Kalenga. Boma iko hapo mjini, tutaingia siku ya kwenda sokoni.

Mama Doreen: Wifi, za huko? Mimi nina swali moja kabla sijaanza kupanga nguo. Kalenga si ndiko kuna lile fuvu la Mkwawa? Baraka ana miaka minne. Huyu akikuta kichwa cha mbuzi kwenye supu analia mpaka jirani anakuja.

Kelvin: 😂😂

Tunu: Ndiko. Liko ndani ya kioo. Unaingia unaliona.

Mama Doreen: Mmh. Sasa mtoto nitamwambia nini?

Babu: MKWAWA SI MZIMU. NI BABU.

Mama Doreen: Shikamoo baba. Sijasema ni mzimu jamani 🙈

Babu: MARAHABA MWANANGU. HII SIMU HERUFI ZIMEKWAMA KUBWA. SIJAKASIRIKA.

Baba Doreen: Mke wangu ana hoja lakini. Mimi nilipelekwa Kalenga nikiwa darasa la tatu. Tuliambiwa tu "kesho ziara, mje na chakula". Hakuna aliyetueleza tunaenda kuona nini. Nililala na taa wiki nzima.

Mama Junior: Nakumbuka! Mama alidhani una malaria.

Tunu: Kwa hiyo muwaeleze humo humo ndani ya gari, mnazo saa nyingi za barabarani. Kila mtu kwa umri wake. Doreen ana miaka kumi na miwili, huyo mpe yote. Kwamba Mkwawa alikuwa Mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Kwamba mwaka 1891 Wajerumani walileta jeshi likiongozwa na Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, na tarehe 17 Agosti Wahehe wakawavizia pale Lugalo, Nyundo mwenyewe akafia hapo. Oktoba 1894 wakarudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akawaponyoka, akapigana nao porini karibu miaka minne. Julai 1898 walipomkaribia akajipiga risasi wasimkamate akiwa hai. Wao wakakata kichwa, kikaenda Ujerumani.
Junior mpe habari ya Lugalo na ngome, na kwamba kichwa kilichukuliwa kikaja kurudishwa. Atauliza mengine mwenyewe.
Baraka mwambie tunakwenda kumsalimia babu wa zamani. Akikataa kuingia asilazimishwe, mkubwa mmoja abaki naye nje.

Mama Doreen: Hapo sawa. Nitabaki mimi, wala sina shida.

Kelvin: Mpeni Doreen na hii. Hilo fuvu limeandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita ya Kwanza. Kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mkataba wa dunia nzima, na Mkwawa yumo.

Mama Doreen: Ni Doreen hapa natumia simu ya mama. Shikamooni. Kaka Kelvin, lilirudi lini?

Kelvin: Marahaba. Lilirudi 1954.

Mama Doreen: Miezi sita ikawa miaka 35???

Babu: HUYO MTOTO NI WETU.

JUMAMOSI

Mama Junior: Tumepita Mikumi, Junior kaona twiga na nyani, tembo hakuna. Sasa tunapanda mlima Kitonga nyuma ya malori, mwendo wa konokono. Mama Doreen kafumba macho.

Tunu: Afumbue, wanaume wa ukoo huu wanaendesha vizuri isipokuwa marehemu mjomba.

Baba Doreen: Tumesimama Ilula. Dada unataka nyanya au vitunguu?

Tunu: Vyote. Na ukitoka hapo usikimbie, simama Lugalo kwenye mnara.

Baba Doreen: [Picha]
Tumefika mnarani. Nimewaeleza kwamba Wajerumani waliujenga kwa ajili ya watu wao waliokufa hapa. Doreen kauzunguka, kaniuliza: "Baba, hawa si ndio walioshindwa? Mbona mnara ni wao?" Nimekosa la kusema nikamwambia aingie garini.

Kelvin: Hahaha baba mdogo!

Tunu: Mnunulie soda huyo mtoto. Na jibu unalo: baadaye ndio waliobaki na nchi, na anayebaki na nchi ndiye anayejenga minara. Mwambie hivyo hivyo, anaweza kulibeba.

Mama Junior: Junior yeye kalala chini kwenye nyasi "anavizia". Anauliza walijificha upande gani. Nimemwonyesha vichaka vyote.

JUMAPILI USIKU

Tunu: Kesho saa moja asubuhi magarini. Viatu vya kufunika, kofia, maji ya kutosha, na sweta maana Juni ya Iringa mnaijua, asubuhi mtatetemeka na saa nne mtavua. Wakubwa mbebe vitambulisho, Mtanzania halipi sawa na mgeni. Biskuti ziliwe garini, siyo kwenye makumbusho.

Mama Doreen: Wifi na maji ya kunawa?

Tunu: Na ya kunawa. Kule watarudi rangi ya udongo.

JUMATATU

Kelvin: Isimila tumefika. Ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, njia ya Mbeya. Nimeishi Iringa maisha yangu yote, ndiyo kwanza nakanyaga hapa. Aibu.

Mama Junior: [Picha]
Oneni hizi nguzo. Zinatoka ardhini nyekundu nyekundu, juu zimechongoka, na maji ndiyo yamezichonga. Baraka anasema ni kichuguu cha jitu.

Baba Doreen: Chini kwenye korongo kuna mawe yaliyochongwa, yamelala pale yalipokutwa. Muongozaji alimpa Junior ashike moja. Ncha mbele, pande mbili zimemeguliwa mpaka zikawa na makali, nyuma pana pa kushikia. Ilibidi alikumbatie kwa mikono miwili. Kauliza, "Huyu aliyekuwa anakatia nyama alikuwa na mkono mkubwa kiasi gani?"

Tunu: Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia pale. Muongozaji kasemaje?

Baba Doreen: Kacheka, kamwambia jaribu kukata kwa kulisukuma. Halafu kawaambia umri wa hizo zana, takriban miaka 260,000. Doreen katoa simu akaanza kupiga hesabu ni mababu wangapi hapo katikati. Kapotelea kwenye hesabu, hakuona kitu kingine kwa dakika kumi.

Kelvin: Na mahali hapa mwaka 1951 ni mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyeyatambua haya mawe, alikuwa mpita njia. Wataalamu wakaja kuchimba baadaye kwenye miaka hiyo ya 50.

Mama Doreen: Mambo ya mababu mimi yamenipita, ila kile kiboko! Kumbe palikuwa na maji hapa, na mifupa imekutwa ya kiboko wa aina iliyokwisha duniani, macho yake yalitokeza juu ya kichwa. Baraka tangu saa tatu anatembea kaweka ngumi mbili juu ya paji la uso. Amekuwa kiboko, haitiki jina lake.

Mama Junior: Jamani tumerudi garini, kaka kaona mfuko wa Junior umening'inia upande mmoja.

Tunu: Usiniambie.

Mama Junior: Kijiwe. Anasema hakuiba, "kilikuwa kinajilalia tu".

Baba Doreen: Nimemrudisha kwa miguu mpaka chini akakikabidhi mwenyewe kwa muongozaji. Mzee wa watu hakumgombeza. Kamwonyesha pale kilipotoka, kamwambia kikiondoka hapa kinakuwa kokoto, sheria inakataza kukitoa na yeye ndiye analinda. Kupanda tena lile korongo ndiyo ilikuwa adhabu, yangu mimi.

JUMANNE

Tunu: Tumetoka Kalenga. Niandike mimi maana wengine wanakula.
Mama Doreen alikuwa na hofu ya Baraka. Baraka kaingia, kapita mbele ya kioo kama hakuna kitu, kaenda moja kwa moja kwenye ngao na mikuki, kakaa hapo. Aliyetikisika ni Doreen. Alisimama mbele ya lile fuvu muda mrefu, halafu akatoka nje hajaaga mtu. Nikamfuata. Hakuwa analia. Ameudhika. Anasema, "Shangazi, walikiweka wapi huko miaka yote hiyo? Kabatini?"

Kelvin: Ulimjibuje?

Tunu: Nilimwambia ukweli. Gavana wa Kiingereza, Twining, alikwenda mpaka makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana ya watu, siyo moja. Junior akadakia, "Sasa walijuaje ni lake?" Nikaeleza kwamba walilinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake Mkwawa waliokuwa hai, wakatazama na lenye tundu la risasi. Doreen akasema, "Kwa hiyo hayo mengine ni ya kina nani?"

Mama Doreen: Hapo ndipo aliponiuliza na mimi. Nilinyamaza.

Tunu: Na mimi nilinyamaza wifi. Mengine ni ya watu waliochukuliwa kama huyu, ila hawakuandikwa kwenye mkataba wowote.

Babu: ADAM SAPI, MJUKUU WAKE, NDIYE ALIYELIPOKEA. TAREHE 19 JUNI 1954. BAADAYE AKAWA SPIKA WA BUNGE. KABURI LAKE MMELIONA?

Baba Doreen: Tumeliona baba, liko hapo hapo karibu, pamoja na la baba yake, Sapi. Watoto wamesimama vizuri, hata Baraka alishusha ngumi za kiboko.

Mama Doreen: Ni Doreen. Shikamoo babu. Muongozaji amesema mwili uko Mlambalasi, ndiko alikojipigia risasi. Kichwa Kalenga, mwili Mlambalasi. Mbona hawajaviunganisha?

Mama Junior: 😶

Kelvin: Swali limepita kichwani kwangu hilo.

Babu: MARAHABA. HILO NJOO KESHO ASUBUHI UNIULIZE TUKIWA TUMEKAA. SIYO KWA SIMU.

Mama Doreen: Ni Doreen. Babu kesho naomba twende Mlambalasi badala ya Boma.

Baba Doreen: Jamani hiyo ni njia ya Ruaha, mbali kuliko Kalenga, na mafuta mnajua bei.

Kelvin: Baba mdogo, tuchangishane. Mimi naweka elfu kumi.

Tunu: Na mimi kumi.

Mama Junior: Sisi tutabaki, Junior miguu inamuuma. Nitampeleka Boma mwenyewe. Kuna duka la vikapu vya milulu, namtafutia na bosi wangu zawadi. Na lile jengo la Wajerumani lina ukumbi wa mambo ya makabila ya huku, atachora.

Mama Doreen: Baraka naye abaki Boma na shangazi yake, kwa umri wake ya leo yanatosha. Mimi nakwenda Mlambalasi.

Baba Doreen: Wewe??

Mama Doreen: Mimi. Nataka kusikia baba anavyojibu.

Baba Doreen: Haya. Saa mbili tunatoka. Baba, utaweza hiyo barabara na mgongo wako?

Babu: NAKAA MBELE.