Tupeane uzoefu: kifua kilichokaza, bega linalochoka mapema na kiuno kisichohimili planki

Mwana-Vyuma
Wakuu, salaam. Nafundisha mazoezi mtaani, na kuna jambo nakutana nalo sana kwa vijana wa benchi, wale wanaolala chali na kusukuma chuma juu. Kifua kimejaa, fulana inabana, lakini mwambie ashike planki (kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) au anyanyue mikono apake rangi dari, muda si muda mabega yanatetemeka na kiuno kinazama.

Chini ya ule msuli mkubwa wa kifua upo mwingine mdogo. Unaanzia kwenye mbavu ya 3 hadi ya 5, unapanda na kujishikiza kwenye ncha ya kombe la bega inayotokeza mbele, chini kidogo ya mtulinga. Ukifupika, unalivuta kombe mbele na kuliinamisha. Ukinyanyua mkono, kombe haligeuki inavyotakiwa, na kano zinazopita juu ya kichwa cha mfupa wa mkono zinabanwa. Misuli ya nyuma inayopaswa kulishikilia kombe kwenye mbavu inashindana na mvuto huo kutwa nzima, ndiyo maana inachoka mapema. Kwenye planki uzito unapita humohumo mabegani. Bega likilegea, tumbo na mgongo vinabeba mzigo usio wao.

Jipime: lala chali sakafuni, mikono kando, ulegee. Mtu akutazame kutoka upande wa kichwa aone nyuma ya bega imeachana kiasi gani na sakafu, kulia na kushoto. Kipimo hiki peke yake hakitoshi kusema una ugonjwa, maana wapo wenye mabega yaliyonyanyuka na hawaumwi popote. Kinakupa pa kuanzia tu.

Nani yamemkuta? Tuambieni mlivyofanya.

Mama Cherehani
Asante kwa mada, mwalimu. Mimi ni fundi nguo. Msimu wa sare za shule nashona tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa, nimeinamia sindano, viwiko vimekuja mbele. Yalianza maumivu kati ya mabega, nikawa nasingwa mgongo kila jioni. Nafuu ilikuwa ya usiku mmoja. Baadaye vidole viwili vya mwisho vikawa vinakufa ganzi nikinyoosha mkono juu kutundika nguo.

Dada wa fiziotherapia alinibonyeza chini ya mtulinga, upande wa bega. Nilipiga kelele! Akanieleza kuwa mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi inapita chini ya huo msuli mdogo, ukikaza unaweza kuibana. Mgongo ndio uliokuwa unalia, lakini aliyekuwa anavuta yuko mbele. Alinipa kunyoosha kifua kwenye fremu ya mlango, kisha kuvuta utepe wa mpira wa mazoezi kuelekea mbavuni huku nikiyasogeza makombe ya mabega nyuma. Kiti nacho kikapandishwa, ili kitambaa nikione bila kukunja shingo. Ganzi iliondoka polepole. Naomba mafundi wenzangu msikazanie masaji ya mgongo peke yake, kifua chenu kitazameni pia.

Pwani Mpigambizi
Sisi waogeleaji tunalijua hili. Mtindo huru na kipepeo vyote ni kuvuta maji kuelekea kifuani, mara maelfu kwa wiki, na hakuna kinachovuta upande wa pili kwa kiasi hicho. Kocha wetu haangalii kifua pekee. Kila anayelalamika bega anamlaza planki ya ubavu, yaani kujiinua kwa mkono mmoja ukiwa umelalia ubavu, kulia kisha kushoto. Kwangu, upande wenye bega gumu ndio uliokuwa unaanguka kwanza. Nilikuwa nadhani ni tumbo dhaifu, kumbe bega halikuwa na pa kusimamia. Nilipoanza kulilegeza kabla ya mazoezi, planki ile ile ikawa nyepesi, na nyonga zikaacha kuzama majini mwishoni mwa mita 200.

Mjukuu wa Bibi
Kwangu kunyoosha pekee hakukunipeleka mbali. Kifua kililegea, nikikaa saa moja kwenye kompyuta kinarudi palepale. Kilichobadilisha mambo ni kuimarisha mgongo. Kuna kipimo cha uhimilivu wa mgongo cha mtafiti Biering-Sørensen wa Denmark: unalala kifudifudi, nyonga ukingoni mwa meza, miguu imeshikiliwa, kiwiliwili kinaelea sawa na meza, na saa inahesabu hadi sekunde 240. Katika utafiti wake wa mwaka 1984, wanaume wenye mgongo uliohimili muda mrefu ndio hawakupata sana maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza. Mtu ambaye mgongo wake hauhimili atajikunja tu akikaa, na akijikunja kifua kinafupika tena.

Dereva Boda
Wakuu, sisi tunaoshika usukani kutwa tufanyeje? Gimu sina hela.

Mwana-Vyuma
Mkuu, hela haihitajiki. Tafuta mlango au mti. Egemeza mkono toka kiwiko hadi kiganja, kiwiko kiwe juu kidogo ya bega, piga hatua moja mbele mpaka usikie mvuto kifuani. Sekunde 30, mara 3 kila upande. Ukisikia maumivu mbele ya kiungo chenyewe, shusha kiwiko au rudi nyuma. Kisha kaa kwenye mkao wa pushapu, viwiko vimenyooka, usukume ardhi mpaka mgongo wa juu upande, halafu ushuke taratibu. Hiyo inaamsha msuli wa chini ya kwapa unaoshikilia kombe. Malizia na planki ya ubavu, magoti chini kama bado ngumu. Kijiweni ukisubiri abiria, shuka kwenye pikipiki ujinyooshe.

Na wote mnisikie: kifua kinachobana ukipanda ngazi, maumivu yakashuka mkono wa kushoto au taya, na jasho jembamba, hilo si la kunyoosha mlangoni. Ni hospitali, saa hiyohiyo.