Pate ilitoaje washairi na wanavyuoni wengi hivi? Na hati zao ziko wapi?

mwalimu_wa_pwani:
Assalam aleikum wadau. Natayarisha somo la tenzi kwa wanafunzi wangu na kila nikishika kitabu naishia kisiwa kimoja tu, Pate. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa 1728, Pate. Utenzi wa Al-Inkishafi, Pate. Mshairi Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate. Sasa kisiwa kidogo vile, leo mpaka upande boti kutoka Lamu ufike, ilikuwaje? Na mwanafunzi akitaka kuona hati zenyewe aende wapi?

bint_amu:
Waaleikum salaam maalim. Kwanza pesa, tusifiche. Pate ya Wanabahani, ukoo wa masultani wake, ilikuwa na majahazi na wafanyabiashara wenye kujiweza, na mwenye mali alikuwa anaweza kumweka mshairi na mwalimu, Tambuka yenyewe ilitungwa kwa ajili ya sultani. Pili masharifu waliotoka Hadhramaut, huko Yemeni, wakaja na elimu yao wakaoa wakazaa hapahapa, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Al-Inkishafi ni wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim, lakini kaandika Kiswahili, tena kitamu kupita kiasi. Na ukiisoma utaona pesa hiyohiyo inavyoliliwa, zile nyumba za taa na madaka ya vyombo vya kaure, sasa ndege ndio wanalala humo. Wafundishe hao watoto kwamba huyu anazungumza na moyo wake mwenyewe, wasidhani ni historia ya majumba tu.

msiu_asili:
Naomba watu wasiishie mji wa Pate jamani, kisiwa kina Siyu pia!! Siyu ndiko misahafu ilikoandikwa kwa mkono karne ya 18 na 19, wino mweusi, mwekundu na njano, kurasa zimepambwa mpaka unaogopa kuzigusa. Mji wa maulamaa na mafundi pamoja. Na ni mji ulioyakataa majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, miaka ya 1840, kiongozi wao Bwana Mataka, ambaye ndiye mume wa Mwana Kupona. Kwa hiyo yule bibi aliyemuusia bintiye Mwana Hashima kwa utendi mwaka 1858 hakuwa mtu wa jikoni tu kama vitabu vya shule vinavyomfanya, alikuwa mke wa mtawala, msomi, na mwisho wa utendi anajitaja mwenyewe kuwa ndiye mtungaji. Mwanamke kusoma na kutunga kwetu si jambo la juzi, hilo lisemwe darasani kwa sauti.

kasha_la_babu:
Kuhusu hati. Nyingi zilitoka kupitia Lamu, Muhammad Kijumwa wa huko alikuwa na khati nzuri sana, yaani mwandiko, akawa ananakili tenzi kwa ajili ya wasomi wa Kizungu kina Hichens na Werner, ndio maana leo London pale chuo cha SOAS kuna nakala kibao, na Ujerumani pia. Karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na za msikiti wa Riyadha Lamu zilipigwa picha, zikawekwa mtandaoni na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, bila malipo.

Ila kwa maoni yangu kazi kubwa iko majumbani. Makaratasi yamo makashani, mchwa na unyevu wa bahari vinayala, na vijana wanaosoma Kurani vizuri kabisa wanashindwa kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zilezile kwa sababu hawakufundishwa. Maalim ukiweza tenga vipindi viwili, wape beti tatu za Mwana Kupona kwa herufi za Kiarabu wazisome kwa sauti.

mwalimu_wa_pwani:
Shukran sana nyote. Beti tatu nazichukua, na wenye wazee majumbani nitawaomba waulize kama kuna kasha, wapige picha ukurasa mmojammoja mchana karibu na dirisha, karatasi wasiitoe nje ya nyumba.