Tupeane uzoefu: bidhaa za wanafunzi zilizofika sokoni kweli, ziliwafundisha nini?

Mwalimu_Kisesa

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nafundisha sekondari ya kata upande wa Kisesa, Mwanza, somo la Biashara. Kwa mtaala mpya somo hili si la wachache waliochagua mchepuo. Kila anayeingia kidato cha kwanza analisoma. Mkondo wangu mmoja una watoto 72. Wanaandika maana ya gharama na faida kwa Kiingereza bila kukosea hata nukta, halafu ukimuuliza mmoja wao mama yake akiuza maandazi anabakiwa na shilingi ngapi kwa siku, anakutazama tu.

Muhula uliopita niliwagawa makundi 12 ya watoto sita sita. Walimu wanne na wazazi wachache tulichanga 180,000, kila kundi likapata 15,000 na wiki sita. Masharti niliyaandika ubaoni na sikuyafuta: malighafi ipatikane kwa miguu au kwa nauli moja ya daladala, mnunuzi asiwe ndugu wala mwalimu, na ile 15,000 irudi.

Kundi lililonifundisha zaidi mimi mwenyewe ni la dagaa. Walinunua sado moja (kile kindoo cha kupimia) pale soko la samaki la Mwaloni kwa 7,000, wakaziosha, wakazikaanga na pilipili na ndimu, wakapata vifuko 22 vya kuuza 500 kila kimoja. Stendi vikaisha siku moja. Wakaja na daftari wanang'aa: dagaa 7,000, mafuta 1,500, viungo 500, vifuko 500. Jumla 9,500, mauzo 11,000, faida 1,500.

Nikawauliza, mlikaangia nini?

"Mkaa, mwalimu."

Mkaa uko wapi humu?

Kijana aliyeshika daftari akajibu kwa uhakika kabisa: "Mkaa si gharama, ulikuwepo nyumbani kwa kina Neema." Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Binti mwenyewe (jina nimelibadilisha) alikuwa amekaa pembeni, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mama anatudai."

Darasa zima likatulia. Akachukua kalamu, akaandika mkaa 1,000. Faida ikashuka hadi 500, na 500 kwa watu sita waliokaanga jioni mbili ni shilingi 83 kila mmoja. Nimefundisha miaka tisa, sijawahi kuona gharama za uzalishaji zikiingia kichwani mwa mtoto namna ile.

Wiki ya pili wakarudi Mwaloni na kukuta sado ni 10,000. Walidhani wametapeliwa. Hawakutapeliwa, mbalamwezi ilikuwa imeingia. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima taa haiwavuti tena, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Watoto wa Mwanza hawa, wamezaliwa hapa, lakini hakuna aliyekuwa ameunganisha mwezi wa angani na bei ya sokoni. Wakanunua hivyo hivyo, wakauza kwa 500 ile ile, wakala hasara ya 2,500.

Naomba uzoefu wenu, walimu, wazazi na mliowahi kuwa wanafunzi. Hasa naomba yale yaliyoharibika.

MamaMwaloni

Mwalimu wangu, nimesoma nikacheka kwa furaha, maana watoto kama hao wananijia sana pale kwenye meza yangu.

Mwaka juzi walikuja wengine, siwataji wa wapi. Walinunua dagaa wa bei ya chini, wale wanaoanikwa chini mchangani, wakaenda kuchanganya kwenye unga wa lishe. Wiki moja baadaye wakarudi wamenuna: mama mmoja aliyenunua amewarudishia mfuko mbele za watu, uji unasaga meno. Nikawaita nyuma ya meza. Nikachukua beseni la maji, nikatia konzi ya dagaa wao, nikavuruga, nikawaambia wapitishe mkono chini. Mchanga ulijaa kiganja. Nikatia konzi ya dagaa wa chanja. Maji yalibaki na magamba tu.

Wakauliza kwa nini wa chanja ni ghali. Nikawaambia chanja ni mbao na nyavu, ni fedha ya mtu. Na mvua ikinyesha, dagaa wa chini wanaloa wote na kuishia kuwa chakula cha kuku, wakati wa juu anawahiwa kufunikwa.

Waleteni watoto, ila waje asubuhi. Saa nne nimeshachoka na siwezi kufundisha mtu.

Mkerewe_wa_Buhongwa

Mimi nilikuwa mwanafunzi, kwa hiyo nasimulia kutoka upande ule.

Kidato cha tatu, kundi letu lilichagua sabuni ya mche. Mawese tulinunua mjini, ya Kigoma. Mwalimu wa Kemia alitusimamia kwenye jambo moja, na kwa hilo namshukuru mpaka leo: kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, inatiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Tulivaa glavu, tulifanyia nje, ndoo ilikuwa ya plastiki. Hakuna aliyeungua siku ya kutengeneza.

Tuliungua siku ya kutumia. Mizani hatukuwa nayo. Mtu fulani mtaani alituambia kwa kila kilo ya mawese weka glasi moja ya chai ya kostiki, tukaweka. Miaka baadaye niliipima glasi kama ile, inabeba karibu gramu 200. Kilo ya mawese inataka gramu 135 hivi. Ukifika 142 mafuta yote yameshamezwa, na kinachozidi kinabaki ndani ya sabuni kikisubiri mkono wa mtu.

Tukakata miche 40. Mizuri, mikavu, rangi ya machungwa, tukapiga muhuri wa kiazi tuliouchonga kwa wembe. Dada mmoja wa kundi akafulia sare usiku ule. Asubuhi alikuja na vidole vyekundu, ngozi ya katikati ya vidole imechubuka. Hakulia. Aliviweka mezani mbele yetu, akaviacha pale tuvione.

Mwalimu alikataza hata mche mmoja usiuzwe. Nilimchukia. Mtaji wetu ulikuwa umelala pale mezani, makundi mengine yanauza, sisi tumekatazwa. Leo ningeiyeyusha sabuni ile upya na kuiongezea mawese, ingepona. Siku ile hakuna aliyejua, tukaipoteza yote.

Halafu kuna jambo la muda. Sabuni ya namna hii inataka kama wiki nne za kukaa ili ikauke na kutulia. Shindano letu lilikuwa la wiki sita. Hata tungepima vizuri, tungebakiwa na wiki mbili za kuuza. Walimu, angalieni bidhaa inakomaa kwa siku ngapi kabla hamjapanga tarehe ya kufunga.

Sasa natengeneza sabuni Buhongwa, ndiyo kazi yangu. Kitu cha kwanza kununua kilikuwa mizani ya gramu, kabla ya sufuria. Nilipita SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Kila ninapomwaga kostiki naviona vile vidole.

BabaWawili_Ilemela

Naomba mnisamehe, mimi nina uchungu na mambo haya.

Shule anayosoma binti yangu waliandaa siku ya wajasiriamali. Ujumbe ukaja: kila mzazi alipe 10,000 ya mradi. Nikalipa. Siku yenyewe tukaalikwa, tukakuta meza zimepambwa na mgeni rasmi yupo. Shanga, keki, juisi. Wanunuzi ni sisi wazazi. Nikanunua keki ya binti yangu kwa 5,000, keki ambayo unga wake nilinunua mimi, mayai nilinunua mimi, na imeokwa na mama yake usiku. Jioni binti akaniambia amepata faida ya 5,000.

Nilimkumbatia, sikuwa na moyo wa kumwambia. Lakini sharti la mwalimu wa Kisesa, kwamba mnunuzi asiwe ndugu, ningependa shule zote zilishike. Mwanangu alipewa picha isiyo ya kweli na watu anaowaamini.

Mzee_wa_Kwimba

Marahaba vijana.

Sisi tulisoma chini ya Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Shule yetu ilikuwa na shamba la pamba. Tulilima, tulipalilia, tulichuma, tuliichambua safi na chafu kwa mikono yetu, tukaibeba kichwani hadi ghala la chama cha ushirika. Ilipimwa tukiwa tumesimama pale. Tulisikia kilo zikitajwa.

Fedha hatukuziona, wala daftari hatukuonyeshwa. Sisemi zililiwa, huenda zilinunua madawati, na madawati tulikalia. Ila nilichojifunza ni jembe, na jembe nilishalijua nyumbani. Biashara ya pamba nilikuja kuielewa nikiwa na miaka thelathini.

Kwa hiyo nilipofika pale mtoto anaandika "mkaa 1,000" kwa mkono wake, niliweka simu chini kidogo. Daftari libaki mikononi mwa watoto, mwalimu. Hata wakikosea hesabu, libaki kwao.

Fundi_Ukili

Shikamoo mzee.

Mimi nafundisha kusuka gugumaji, nimealikwa shule tatu za kando ya ziwa. Nitasema moja tu lakini naomba mlishike: msiwaingize watoto majini. Kwenye magugu ndiko konokono wa kichocho anapokaa. Niliwahi kufika shule moja nikakuta watoto wameshasimama ziwani maji ya magoti, wanavuta magugu kwa bidii ili kunifurahisha mimi mgeni. Niliwatoa wote. Sasa napatana na wavuvi wayavute kwa mtumbwi, na fedha hiyo inaandikwa kwenye gharama.

Na mjiandae kuyaona yakipungua. Gugumaji ni maji matupu, karibu asilimia 95. Lundo la kujaza mkokoteni likikauka unalibeba kwapani.

TichaBusisi

Klabu yangu ni ya msingi, darasa la sita na la saba, upande wa Sengerema. Bidhaa yetu ilikuwa karanga za kukaanga kwenye vifuko vya karatasi tulivyokunja wenyewe. Soko halikuhitaji hata kufikiriwa, lilikuwa foleni ya kivuko. Basi linasimama, watu wana njaa, hawana pa kwenda. Wazazi wa nusu ya watoto wangu waliishi kwa foleni ile.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Kilomita tatu, mtu anavuka kwa dakika chache. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana tumewahi kuona wagonjwa wakisubiri kivuko usiku. Jumatatu iliyofuata watoto wakaenda na beseni zao hadi gatini, wakarudi nazo zimejaa.

Sikuwapa jibu kwa sababu sikuwa nalo. Nikawapa siku tatu na karatasi: kaeni mahali tofauti barabarani, hesabuni magari yanayosimama, si yanayopita. Wengi walihesabu yanayopita, wakaja na mamia, wakafurahi. Msichana mmoja wa darasa la sita alikuja na namba 11. Alikaa karibu na tuta la mwendo, mbele ya genge la matunda. Magari 11 yalisimama kweli kwa saa mbili, na watu walishuka. Tulihamia pale. Tunauza robo ya tulivyouza gatini, lakini tunauza.

Kijana_Igoma

Mwalimu wa Kisesa, makundi yaliyoshindwa kurudisha 15,000 uliyafanyaje? Sisi shuleni tulifutiwa tu, na mwaka uliofuata hakuna aliyejituma.

Mwalimu_Kisesa

Swali zuri mdogo wangu. Makundi saba yalirudisha yote, matatu yalirudisha pungufu, mawili hayakuwa na kitu. Sikufuta wala sikuwaadhibu. Deni limeandikwa kwenye daftari lao, na muhula huu wanaanza nalo. Kundi moja kati ya yale mawili limeomba kuungana na kundi la matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa): wale wana viazi, hawa wana wauzaji wazuri. Wamekaa siku mbili wanabishana deni liwe la nani. Nimewaacha wabishane.

Mzee wa Kwimba, nimeyapokea maneno yako. Mama wa yule binti alilipwa mkaa wake, 1,000 kwa kila sado, na amesaini.

MamaMwaloni, kundi la dagaa limepiga hesabu ya mwezi kwa kalenda ya ukutani. Wanataka kununua sado mbili wakati wa giza, moja waikaange, nyingine waitunze ikiwa kavu mpaka mbalamwezi. Fedha wanazo kamili. Je, Jumamosi hii waje?

MamaMwaloni

Waje, giza limeshaanza. Wafike kabla ya saa moja, na waje na beseni lao la maji. Nitawapangia mafungu matatu, wachague wenyewe, mimi nitakaa kimya.